Majora mawili, rangi moja: kisa cha magauni 11 ya sare

Furushi liliingia kibandani kwangu Jang'ombe, Zanzibar, Alhamisi moja baada ya laasiri, limefungwa kwa kanga, limebebwa na wanawake watatu. Nyuma yao alikuja kijana niliyemfundisha cherehani mimi mwenyewe, macho chini. Hata hawajakaa, shangazi wa bibi harusi akafungua fundo, akatoa gauni moja la zambarau, akatia mkono ndani na kuutokeza kwapani.

"Mwalimu," akasema, "njoo uione kazi ya mwanafunzi wako."

Tundu lilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Nikalipeleka gauni mlangoni penye mwanga. Nilichokiona kwanza ndicho kilichonizuia nisimkaripie kijana mbele za watu: uzi wa mshono ulikuwa mzima. Haukukatika hata pigo moja. Kilichoachia ni kitambaa chenyewe, pembeni mwa uzi, kimechanika kama mkate uliolowa chai. Fundi akishona vibaya, mshono hufumuka. Huu haukufumuka.

Harusi yenyewe ilikuwa Mfungo Mosi, wiki mbili baada ya Idi, mvua za masika zimeshaanza. Watu wa upande wa bibi harusi wakataka sare, magauni 11 ya rangi moja. Mama mtu akaenda soko la Darajani, akaoneshwa kitambaa laini, kizito kidogo mkononi lakini kinamiminika kama maji. Muuzaji akamwambia ni "pamba ya miti", kitambaa cha kisasa, hakina joto. Kila gauni lilitaka mita tatu na nusu. Jora lililokuwepo lilikuwa na mita 25, likatoa magauni saba na kubaki nusu mita. Mita 14 za magauni manne yaliyobaki zikakatwa kwenye jora jingine la rangi hiyo hiyo, ambalo muuzaji alilishusha kutoka rafu ya juu. Bei ile ile, jina lile lile.

Kijana hakuwa mzembe. "Nilikipima kwa moto, Mwalimu," akaniambia, na nilimwamini kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Unachomoa nyuzi mbili tatu, unaziwashia kiberiti. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha tone gumu kama shanga. Hizi ziliwaka kama karatasi, zikanuka karatasi, zikaacha jivu laini la kijivu. Akafanya hivyo kwa majora yote mawili, majibu yakawa sawasawa. Akahitimisha kwamba ni pamba, akakata.

Hapo ndipo mafunzo yangu yalipokuwa na upungufu, na nililisema hilo mbele ya wale wanawake. Kwa kitambaa kama hiki moto unakwambia kitu kimoja tu: kama nyuzi ni za plastiki au za mmea. Pamba ni selulosi, yaani nyuzinyuzi za mmea, na kitambaa kilichotokana na mti nacho ni selulosi. Kwa moto ni ndugu wa tumbo moja. Ukitaka kuwatenganisha uwatie maji.

Tukatandika mkeka, tukapanga magauni. Kumi yalikuwemo furushini. La 11 alikuwa amelivaa bibi wa bibi harusi, yule mzee wa watatu, amekaa kimya pembeni anatafuna tambuu. Nikamwambia kijana alete daftari lake la vipimo. Kisha nikageuza kila gauni ndani nje, nikatafuta mahali alipotumia ukingo wa jora kwenye akiba ya mshono. Ukingo wa kitambaa una vitundu vidogo vidogo, alama za sindano zinazokishika kiwandani kinaponyooshwa na kukaushwa. Kwenye magauni sita ya furushini safu ya vitundu ilikuwa karibu kabisa na ncha. Kwenye manne ilikuwa ndani zaidi, karibu upana wa ukucha. Rangi ilikuwa moja lakini mashine zilikuwa mbili, na pengine hata viwanda viwili.

Baada ya kuyapanga hivyo, lawama zilizokuwa zikitajwa kwa pamoja zikajigawa zenyewe. Magauni manne ya jora la pili: matatu yalikuwa yamefuliwa na yote matatu yamefupika, mawili kati ya hayo yamepasuka kwapani. La nne halijaguswa na maji, lilikuwa zuri kama siku liliposhonwa. Sita ya jora la kwanza: hakuna hata moja lililopasuka, lakini matano yalikuwa yameota vinyoya na kufifia, michirizi myeupe kwenye mapaja, viwiko na pindo la chini, kama mtu aliyekalia unga. La sita lina madoa ya koga.

Shangazi alitaka jibu moja kwa yote. Halikuwepo.

Nikaomba bakuli la maji. Nikachomoa uzi kwenye lile gauni la jora la pili ambalo halijafuliwa, uzi mwingine kwenye gauni la jora la kwanza, na wa tatu kwenye kipande cha merikani, yaani pamba tupu, ninachofanyia vielelezo. Nikamwambia mama mtu avute kila uzi ukiwa mkavu. Zote tatu zilikatika kwa nguvu ya kawaida, wa jora la kwanza ukiwa mgumu kidogo. Kisha nikachomoa nyingine, nikalowesha katikati tu kwa ncha ya kidole, nikampa tena. Uzi wa merikani ulimshinda mpaka akauzungusha kidoleni. Pamba ikilowa huongezeka nguvu. Wa jora la kwanza ulimsumbua karibu kama ulipokuwa mkavu. Wa jora la pili ulikatika hata hajaanza kuvuta sawasawa, na ukakatikia pale pale penye maji.

"Mbona huu umelegea?" akauliza. Ule ulikuwa viskosi, ile ile ambayo madukani wengi huiita rayoni. Wa kwanza ulikuwa laiyoseli, ambayo watu wengine wanaijua zaidi kwa jina la biashara, Tencel.

Vyote viwili huanzia msituni. Mti, mara nyingi mkaratusi, au miti ya nchi za baridi, hukatwa vipande vidogo na kupikwa kwa kemikali mpaka ibaki ile sehemu nyeupe ya nyuzinyuzi. Hiyo ndiyo selulosi. Tatizo ni kwamba selulosi haiyeyuki kwa maji, na ili uipitishe kwenye vitundu vyembamba itoke uzi, lazima iwe majimaji kwanza. Njia ya viskosi ilipatiwa hataza Uingereza mwaka 1892 na Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle. Selulosi hulowekwa kwenye soda kali, kisha hutiwa kaboni disalfaidi, ikageuka kitu kingine kabisa, kizito kama asali. Husukumwa kwenye vitundu na kuangukia kwenye tindikali, na humo hurudi kuwa selulosi. Kaboni disalfaidi ni sumu ya neva, na historia ya viwanda hivyo ina wafanyakazi wengi walioathirika. Kwa mvaaji dawa hiyo haibaki, lakini safari ile ndefu huikatakata minyororo ya selulosi ikawa mifupi na isiyopangika. Maji yakiingia katikati yake, uzi huvimba na kulegea. Viskosi ya kawaida inaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu yake ikiwa imelowa.

Laiyoseli ni ya karibuni zaidi. Kampuni ya Courtaulds ya Uingereza ndiyo iliyoanza kuizalisha kibiashara, kwenye kiwanda cha Mobile, Alabama, Marekani, mwaka 1992. Tangu 2004 jina la Tencel ni mali ya Lenzing ya Austria. Hapa selulosi haigeuzwi kitu kingine, huyeyushwa moja kwa moja kwenye kimiminika cha jamii ya amini oksaidi, hupitishwa kwenye vitundu, huvutwa hewani kidogo, kisha hutumbukia majini na kuganda. Kimiminika chenyewe hukusanywa na kutumika tena, zaidi ya asilimia 99 yake, na ndiyo maana kitambaa hiki husifiwa kwa mazingira. Minyororo hubaki mirefu, imelala sambamba kuufuata urefu wa uzi. Ndiyo sababu hata kikilowa hakilegei sana.

Kwa hiyo muuzaji aliyesema "ya miti" hakusema uongo. "Pamba" ndiyo iliyomponza, na kuyaita majora yote mawili kwa jina moja. Zamani hapa Zanzibar nguo ilipewa jina la ilikotoka. Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilikuja kwa majahazi ya watu wa Salem, Massachusetts, tangu enzi za Sultani Sayyid Said, na aliyenunua alijua anachokinunua hata kama hakujua Marekani iko wapi. Siku hizi jina linakwambia malighafi tu, na malighafi peke yake haikwambii nguo itakuwaje ikiingia kwenye beseni.

Nikarudi kwenye yale yaliyofupika. Daftari la kijana liliandika sentimita 145 kutoka bega hadi pindo. Nikapima moja la jora la pili lililofuliwa: 136. Nikapima la jora la kwanza: 143. Viskosi iliyofumwa na kunyooshwa kiwandani hurudi ikionja maji mara ya kwanza, na asilimia sita si jambo la ajabu kwake. Hapo kijana alikuwa na kosa lake. Nusu ya saa tu ya kulowesha kitambaa kabla ya kukata, kukianika kivulini na kukipiga pasi, ingetoa sehemu kubwa ya urefu ule kabla haujawa gauni. Alisema siku zilikuwa chache. Siku za harusi huwa chache kila mara.

Je, kwapa? Nikawauliza walifulia wapi. Wakanieleza kwamba baada ya harusi karibu sare zote zilichukuliwa kijijini kwao kusini, upande wa Makunduchi, zikafuliwa siku moja kwa maji ya kisima. Kukamua walikamua wawili wawili, huyu huku na yule kule, wanasokota kama kamba. Na mmoja alilivaa gauni lake likiwa bado bichi kwa sababu mvua haikumpa nafasi. Kitambaa kilichopoteza nusu ya nguvu, kimekwisha kusokotwa, kimefupika na kubana kifua, kisha mtu anyanyue mkono kupokea mtoto. Hapo hata ningeshona mimi kingeachia.

Wa jora la kwanza nao wakataka kujua wao wamekosa nini, maana kitambaa chao ndicho nilichokisifu. Nikamtazama shangazi.

"Shangazi, wewe makumbi ya nazi umewahi kuyatwanga?"

Akacheka. Amezaliwa pwani, hilo si swali la kumuuliza. Unalizika kumbi kwenye mchanga wa maji ya bahari mpaka lilainike, unalitoa, unalipiga, na usumba unatoka nyuzi nyuzi tayari kwa kusokota kamba. Ukivuta kumbi kwa urefu linakushinda, lakini likilowa ukalipiga ubavuni linaachana.

Laiyoseli ni kumbi. Kule kulala sambamba kwa minyororo yake, ambako kunaifanya iwe na nguvu ya kuvutwa, kunaifanya iwe dhaifu ubavuni. Ikilowa na kusuguliwa, ngozi ya uzi huchambuka ikatoa vinyoya vyembamba sana, ambavyo huvioni kimoja kimoja lakini kwa pamoja hutawanya mwanga, na rangi nzito kama zambarau huonekana imepauka. Rangi ilikuwa haijatoka hata kidogo. Nililowesha kiganja nikakilaza juu ya mchirizi mmoja mweupe, zambarau ikarudi pale pale, na ilipokauka ikapotea tena. Viwandani jambo hili wanalijua, na mara nyingine hulifanya kwa makusudi, kisha huviondoa vinyoya kwa kimeng'enya, dawa inayoila selulosi, ili kitambaa kiwe na ule ulaini wa sikio la mtoto mchanga. Pale linafanywa kwa kipimo. Kwenye beseni hakuna kipimo.

Kwa nini magauni matano na si moja? Maji. Kusini ya Unguja ardhi ni maweni, mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake yamebeba chokaa. Sabuni ya mche haitoi povu humo mpaka imalizike kwanza kupambana na chokaa, inaacha utando mweupe juu ya maji, na mfuaji asiyeona povu huongeza sabuni, huongeza burashi, huongeza mkono. Mmoja wao aliungama kwamba pindo lilikuwa na tope la uwanjani na alilipigia jiwe. Merikani ingevumilia. Kumbi likatoa usumba.

Lile la koga sina la kuliongeza. Lilikunjwa bichi likawekwa kabatini siku nne za mvua. Selulosi ni chakula cha kuvu, iwe pamba au mti, na kitambaa kinachonyonya unyevu kwa wingi huifurahisha zaidi.

Na hapo kwenye kunyonya unyevu ndipo nisipotaka watu wakikimbie kitambaa hiki. Katika hewa ya kawaida ya maabara, pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, laiyoseli karibu 11, viskosi karibu 13, na poliesta haifiki hata moja. Kwa joto letu la kaskazi, mwanamke aliyevaa baibui juu ya gauni, tofauti hiyo anaijua mgongoni bila ya kuambiwa namba. Poliesta inamgandia kwa jasho. Hizi zinalinywa jasho na kulitoa. Mimi mwenyewe nashonea laiyoseli magauni ya wazazi wanaonyonyesha, madera, suruali pana, hata mashuka. Mitandio naona viskosi inatosha, kwa sababu mtandio haubani popote na haufuliwi kwa vita. Gauni la kubana kifuani na kwapani kwa viskosi nyembamba sishoni tena bila ya bitana, mteja akipenda aende kwingine.

Ikabaki hesabu ya nani alipe. Kesho yake tulikwenda Darajani mimi, mama mtu na kijana. Muuzaji alianza kwa kusema mali ikishatoka dukani imetoka. Sikubishana. Nikachomoa uzi kwenye ile nusu mita iliyobaki ya jora la kwanza, nikaomba mwingine kutoka jora la pili, nikatia mate, nikampa avute mwenyewe. Akavuta. Akamtazama kijana wake wa dukani, akageuza vibao vya majora: kimoja kina karatasi ya kiwanda, kingine hakina kitu. Akasema yeye alinunua yote kwa bei moja kwa mtu mmoja na hakujua. Huenda ni kweli. Lakini mteja aliomba mita 39 za kitambaa kimoja, akapewa vitambaa viwili. Hilo halihitaji kujua kemia.

Makubaliano yalikuwa haya, na sikuyaona mabaya. Muuzaji alirudisha bei ya mita 14 za jora la pili. Kijana alirudisha nusu ya ujira wa magauni matatu yaliyofupika, kwa kosa la kutolowesha, na akachukua kazi ya kuyatengeneza bure. Vinyoya na koga vilibaki kwa wenyewe. Shangazi hakuridhika na hilo la mwisho na mpaka leo akipita hanisalimu kwa furaha, lakini hata muuzaji wa merikani halipi nguo iliyopigiwa jiwe.

Matengenezo yalinipa raha kuliko kesi yenyewe. Ile nusu mita iliyobaki ya jora la kwanza tuliilowesha usiku, tukaianika kivulini, tukaipiga pasi ya joto la kiasi kwa upande wa ndani. Tukakata vikwapa vinne, vile vile vya kanzu, pande nne zenye ncha, tukaviingiza kwenye magauni mawili yaliyopasuka. Kanzu ya kiume ina kikwapa tangu hapo kale, mwanamume anyanyue mkono asipasue nguo. Sijui kwa nini sisi mafundi wa magauni tulikiacha. Pindo tukalishusha lote lililokuwemo, tukapata sentimita nne. Sindano tukatumia namba 11 badala ya 14, isikate nyuzi. Ya vinyoya tuliyanyoa kwa wembe mpya, polepole, kitambaa kimetandikwa juu ya meza. Mawili yakarudi kuvalika, matatu yamebaki ya nyumbani.

Siku ya kuchukua, nikamuuliza yule bibi aliyekuwa amekaa kimya na tambuu yake, gauni lake alilifua vipi. Lilikuwa la jora la kwanza kama mengine, limefuliwa kijijini hapo hapo, na halina hata mchirizi mmoja.

"Mimi mikono inaniuma, mwanangu," akasema. "Sisugui. Nililigeuza ndani nje, nikaliloweka kwa maji ya mvua, nikalikamia kwa kiganja kama unavyokamia tui, nikalitundika."